Bampa ya Mshono si Aibu, Acheni Kutucheka

Jumamosi moja mwaka jana nilikuwa Nawoitorong, hapa Lodwar, upande wa barabara ya kwenda Kitale, tukipanga magari ya msafara wa harusi. Magari saba. Beshte yangu alileta Probox yake. Alikuwa ameiosha tangu alfajiri kwa maji ya mtungi na sabuni ya unga, hadi viti vya ndani vikanukia. Alikuwa ameahidiwa nafasi ya tatu kwenye msafara, Sh3,500 mkononi na mafuta juu.

Akaja mwanakamati mmoja, miwani ya jua usoni, simu mbili mkononi. Akaizunguka Probox mara moja, akasimama mbele, akainama. Bampa ilikuwa na mshono. Waya mweusi, mishono kumi na minne, kuanzia chini ya taa ya kushoto hadi karibu na namba, kama tumbo la mtu aliyetoka theatre juzi.

"Buda, hii haitaingia kwenye picha," akasema.

Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama gari limeruhusiwa kutoka wodini. Nami nikacheka, sitajitoa hapo. Beshte yangu akaondoka polepole, riboni nyeupe bado imefungwa kwenye boneti, na siku hiyo akashinda stejini akingoja abiria wa Kakuma kama siku nyingine yoyote. Sh3,500 zikaenda kwa mwenye gari lingine lililong'aa.

Kilichofuata ndicho kimenifanya niandike. Yule jamaa aliona aibu. Wiki iliyofuata akakopa kwenye chama chao Sh9,000 ili anunue bampa "mpya". Duka silitaji. Bampa ikatumwa kwa basi kupitia Kitale, imefungwa kwa katoni na selotepu, ikafika usiku. Asubuhi tukaipeleka kwa fundi wake, kijana wa rika letu anayefanya kazi chini ya mti wa ewoi kando ya barabara. Fundi akaishika, akaibonyeza kwa kidole gumba, akatuangalia. Hakusema kitu. Akaanza kuifunga, na matundu yakakataa kukutana na yale ya gari. Yalipishana upana wa kidole. Ikabidi atoboe mengine.

Mwezi wa tatu ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Mwezi wa tano, akivuka laga moja njia ya Kakuma, ikapasuka pale pale ilipotobolewa. Hakugonga mtu, hakugonga mbuzi. Gari liliruka tuta la mchanga tu. Na deni la chama alikuwa bado analipa.

Bampa ya zamani, ile ya mshono, fundi alikuwa ameihifadhi nyuma ya mti. Akaitoa, akaifungua mishono ya waya, akaishona upya kwa namna nyingine nitakayoieleza, akairudisha kwenye gari. Alidai Sh1,200. Hadi leo ninapoandika iko hapo.

Sasa, wewe unayesoma hii ukiwa na gari, au ukiwa na ndoto ya gari, au ukiwa mwanakamati wa harusi, nisikize. Plastiki nyeusi ya gari ikipasuka katika mji kama wetu, jambo la kwanza la kufikiria ni kuitengeneza. Kununua nyingine kuje baadaye, na kwa sababu maalum. Lakini itengenezwe sawasawa, maana kuna kushona na kuna kudanganyana.

Tuanze na plastiki yenyewe, kwa sababu wengi tunaizungumzia kama ni kitu kimoja. Geuza bampa uangalie upande wa ndani. Utaona herufi zimechapwa kati ya mishale miwili midogo. Mara nyingi ni PP, au PP+EPDM. Hiyo ni polipropilini, na EPDM ni aina ya mpira uliochanganywa ndani yake ili bampa ipinde bila kuvunjika. Ukiona ABS, hiyo ni plastiki nyingine, ngumu zaidi, ambayo hutumika sana kwenye grili na vifuniko vya vioo vya pembeni. Dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Polipropilini ina tabia moja inayowakosesha watu pesa: haishiki gundi. Mwaga maji kwenye jani la sukumawiki uone yanavyoteleza. Gundi nayo hufanya vivyo hivyo juu ya bampa. Ukipaka supaglu itaonekana imeshika, utapiga picha, utafurahi, halafu tuta la kwanza linakuonyesha. ABS ndiyo inayokubali gundi, hata asetoni ya kuondolea rangi ya kucha inaweza kuiyeyusha na kuiunganisha. Kwa hivyo mtu akikuambia gundi fulani ilimsaidia, muulize kwanza ilikuwa sehemu gani ya gari.

Dawa ya polipropilini ni moto na polipropilini nyingine. Fundi anachukua chuma cha kulehemu, au hata bisibisi ya zamani iliyopashwa moto kwenye makaa, anayeyusha kingo za ufa kutoka ndani, na kuongeza kipande cha plastiki ya aina ile ile kama vile mchomeleaji wa chuma anavyoongeza rodi. Kabla ya hapo anatoboa tundu dogo mwisho wa ufa. Hilo tundu ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ufa una ncha kali, na nguvu yote ya mtikisiko hukusanyika kwenye ile ncha. Ukiifanya duara, ufa hukosa pa kuendelea. Halafu waya unapita juu ya kiungo, au unazamishwa ndani ya plastiki ukiwa moto, ili ubebe mzigo.

Mshono wa kwanza wa beshte yangu ulikuwa waya peke yake. Ulishika, ndiyo, lakini ufa ulibaki wazi, na kila tuta lilikuwa linakata plastiki kuzunguka tundu la waya. Mshono wa pili ulikuwa plastiki imeyeyushwa kwanza, waya ukafuata kwa ndani. Kwa nje unaona mstari tu, kama kovu la zamani.

Na hiyo plastiki ya kuongeza inatoka wapi? Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho hata pale chuoni, kabla sijaacha, hakuna aliyeniambia. Mafundi wengi huokota kile kilicho karibu, na kilicho karibu Lodwar na Kakuma ni mtungi wa manjano. Ule wa mafuta ya kupikia ambao kila nyumba inautekea maji. Ukipasuka unatupwa, na ni plastiki nzuri tu, inayeyuka vizuri. Tatizo ni kwamba mtungi ni polithilini. Ukiiyeyusha juu ya polipropilini zinaonekana zimeungana, lakini zimelala tu pamoja. Zikipoa, ingiza kucha, utabandua kipande chote kizima kama ganda la yai.

Fundi wetu anatumia kiti. Kile kiti cha plastiki cha hotelini, cha kanisani, cha matangani, kile ambacho mguu wake wa nyuma huvunjika mzee mzito akiegemea. Viti vile ni polipropilini. Ni ndugu wa damu wa bampa. Anakata mguu uliovunjika vipande vyembamba kama njiti za kiberiti, nyeupe, kijani, buluu, anavipanga kwenye kopo. Bora zaidi, kwa maneno yake, ni bampa nyingine iliyokufa kabisa, kwa sababu hiyo ina mpira ndani kama ile unayoiponya. Kiti kikavu hakipindi sana.

Ukitaka kujua bila fundi, angalia chini ya chombo. Kuna pembetatu ya mishale yenye namba katikati. Namba 5 ni polipropilini. Namba 2 ni ile ya mtungi. Na kama huoni alama yoyote, kata kibanzi, kiweke kwenye kikombe cha maji. ABS huzama. Familia ya PP mara nyingi huelea. Mtungi pia huelea, kwa hivyo jaribio hili linakuambia tu kama una ABS mkononi, usilitegemee kwa zaidi ya hapo.

Kuna kitu kingine kuhusu hapa kwetu. Lodwar iko karibu digrii 3 tu kaskazini mwa ikweta, mchana wa kawaida ni nyuzi 35 au zaidi, na plastiki nyeusi iliyoegeshwa juani inapita hapo mbali sana. Iguse saa nane mchana kisha uniambie. Plastiki hupanuka kwa joto kuliko chuma. Bampa iliyokazwa skrubu kikiki asubuhi, haina pa kwenda mchana, na inapokosa pa kwenda hupasuka kwenye masikio yake, pale inapofungwa. Mafundi wanaojua huacha nafasi kidogo kwenye tundu na kutumia washa pana. Wale wa "kaza hadi igande" ndio wanaokuuzia ufa wa mwezi ujao.

Sasa rangi. Hapa naomba nikae kidogo, kwa maana ndipo uongo mwingi ulipo.

Plastiki nyeusi ya gari haijapakwa rangi. Weusi wake uko ndani, ni masizi yaliyochanganywa na plastiki kiwandani, na yale masizi ndiyo mwavuli wake dhidi ya jua. Lakini mwavuli nao huchoka. Mionzi ya jua inakata nyuzi za plastiki kwenye ngozi ya juu, ngozi inapasuka nyufa ndogo ambazo jicho halizioni, na mwanga ukigonga hapo unatawanyika, tunaona weupe. Ongeza upepo. Si unajua upepo wetu, ule unaopita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ambao ng'ambo ya ziwa, kule Marsabit, unazungusha mitambo 365 ya umeme. Huo huo upepo huku unabeba mchanga na kuusugua kwenye gari lako kila siku bure bila malipo. Kwa hivyo ule weupe si vumbi. Ni ngozi iliyoungua. Huwezi kuiosha ikatoka.

Watu wanafanya nini? Wanapaka rangi ya viatu. Wanapaka dizeli. Wanapaka mafuta ya kupikia, nimeona kwa macho yangu. Gari linang'aa kama kichwa cha mchungaji siku ya sikukuu, kwa siku mbili. Siku ya tatu vumbi la barabara limeganda juu ya mafuta, na sasa una bampa ya rangi ya ugali wa mtama. Dawa za dashibodi zenye silikoni ni afadhali kidogo, zinadumu hadi uoshe gari mara mbili tatu, lakini zina mtego: silikoni ikishaingia kwenye plastiki, siku utakayotaka kupaka rangi ya kweli, rangi itakataa kushika.

Kuna wale wa tochi ya gesi. Unapitisha moto haraka juu ya plastiki kavu na safi, weupe unatoweka mbele ya macho yako, weusi unarudi kama uchawi. Video za namna hiyo zimejaa simuni na zote zinaisha pale mtu anapotabasamu. Inafanya kazi, sikatai. Moto unayeyusha ile ngozi iliyoungua na kuilaza. Lakini hujaongeza kinga yoyote, jua litarudi kazini kesho yake. Na ukikawia sekunde chache mahali pamoja bampa inajikunja, na hakuna tochi ya kuikunjua. Mara moja, mbili, sawa. Usifanye kuwa desturi.

Kama lazima iwe nyeusi, kwa mfano unabeba wageni wa mashirika na wanaangalia sura ya gari, njia ya kweli ni ndefu na haina raha: osha kwa sabuni hadi mafuta yote yatoke, sugua kwa msasa laini, paka praima ya plastiki, subiri, halafu rangi ya plastiki inayokubali kupinda. Ukiruka praima umetupa pesa, itabanduka kwa mabamba.

Lakini maoni yangu? Iache kijivu. Kila gari linaloishi Turkana ni la kijivu pale lilipokuwa jeusi. Probox ilizinduliwa Japani mwaka wa 2002 kama gari la kubebea mizigo ya ofisi na duka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo nyingi zinafika zikiwa tayari zimefanya kazi miaka mingi kule, kisha zinakuja kubeba makaa, samaki, mbuzi na watu tisa kati ya Lodwar na Kakuma, kilomita kama 120, juu ya barabara ambayo kwa miaka mingi ilikuwa jina tu. Gari la namna hiyo likiwa na bampa nyeusi tititi kama limetoka melini jana, mimi naanza kujiuliza kinafichwa nini.

Na mara nyingi kinafichwa. Hii ndiyo sehemu inayoniudhi. Ile rangi ya viatu haipakwi kwa ajili ya harusi pekee. Inapakwa siku gari linapouzwa. Ufa unajazwa pati, unapakwa weusi, mnunuzi anayetoka mbali anakabidhiwa funguo na soda baridi. Kama unanunua gari hapa au popote, piga magoti, pitisha mkono nyuma ya bampa. Mshono uliofanywa kwa uaminifu utausikia kwa vidole: una matuta, una waya, unajulikana uko wapi. Mimi nitanunua gari hilo kabla ya lile lililo laini kama uso wa mtoto huku nyuma masikio yote yamekatika na bampa imening'inia kwa nyuzi za nailoni.

Kuna wakati wa kutupa, na sitaki mtu aje kuniambia nilimshauri vibaya. Ikiwa masikio yote ya kufungia yamekwisha na hakuna hata moja la kushikilia, shonea nini? Ikiwa gari liligonga kwa nguvu, usiangalie plastiki kwanza. Bampa tunayoiona ni nguo tu, kinachozuia pigo ni chuma kilicho nyuma yake. Chuma kikipinda, kushona plastiki ni kumvisha suti mtu aliyevunjika mbavu. Na ile plastiki nyeusi ya ndani ya fenda, inayozuia matope na mawe, ikilegea usiifunge kwa kamba halafu uombe Mungu. Zungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, uone kama inagusa tairi. Ikigusa, ifunge vizuri au itoe kabisa siku hiyo hiyo. Tairi likisuguliwa safari nzima kwenye joto letu, matokeo yake ni ya abiria wote.

Jambo lingine dogo ambalo mafundi wenyewe hulisahau: ncha za waya. Zikunje ziangalie ndani. Nimemwona mtoto akichanwa paja na bampa ya gari lililoegeshwa kando ya duka, na hilo si kosa la kushona, ni uvivu wa dakika mbili.

Kuna wanaosema mshono ni dalili ya umaskini. Hebu nenda kwa bibi yako kijijini. Kibuyu kikipasuka kilikuwa kinashonwa, hakitupwi, na maziwa yalikaa ndani bila kuvuja. Akala tunazovaa ni tairi lililokataa kufa. Pale Nawoitorong penyewe kuna nyumba za wageni ambazo kikundi cha akina mama kilizijenga kwa vifaa vya hapa hapa, na wazungu wanalipa kulala humo na kupiga picha za paa. Paa la makuti ni utamaduni, bampa ya waya ni aibu? Nani alipanga hiyo orodha?

Labda ni sisi vijana wa mjini tuliopanga, sisi wa simu na miwani. Tunataka gari la kupigia picha na hatulipi bima. Nimejihesabu humo.

Lakini gharama ya kicheko chetu haiishii kwa mwenye gari. Inafika kwa fundi. Mshono wa pili wa ile bampa ulimchukua saa tatu na nusu. Alianza alfajiri kabla jua halijapanda, kwa sababu plastiki ikishapata moto wa mchana haitulii. Nilikaa naye. Wakati anafanya alikuja mteja mwingine, mwenye Hilux yenye plastiki ya fenda iliyopasuka. Akaulizwa elfu moja. Akasema, "Elfu moja? Si ni waya tu!" Akatoa mia tatu.

Ni waya tu. Mtu huyo huyo akienda kwa daktari wa meno hasemi ni koleo tu.

Anayejua kutofautisha mtungi na kiti, anayejua tundu la mwisho wa ufa, anayejua kuacha nafasi ya joto, huyo ana ujuzi. Shida ni kwamba hakuna karatasi inayosema hivyo. NITA inafanya mitihani ya ufundi ya madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na makanika wengi wa hapa wanaijua. Kule Kakuma, Don Bosco wamefundisha vijana wakimbizi na wenyeji umakanika na kuchomelea chuma kwa miaka mingi. Hapa Lodwar tuna chuo cha ufundi. Lakini mafundi wote wa plastiki niliowahi kukutana nao walijifunza kwa kuangalia na kuungua vidole. Gari la leo lina plastiki kila upande, mbele, nyuma, chini, ndani ya fenda. Kumfundisha kijana kuchomelea chuma peke yake ni kumwandalia gari la babu yake. Wiki mbili za somo la plastiki zinatosha kuanza. Vifaa ni chuma cha kulehemu, msasa, waya na viti vilivyovunjika. Sioni kaunti ikishindwa na bajeti ya viti vilivyovunjika.

Na nyinyi mafundi, kwa heshima, nanyi mna kazi. Mwonyesheni mteja upande wa ndani kabla hamjafunga bampa. Mpigie picha kabla na baada. Mwambie umetumia nini. Ukitumia mtungi ukijua ni mtungi, usiite jina lingine. Mteja akirudi wiki ijayo na kipande mkononi, unapoteza wateja kumi wa stejini, maana madereva wanaongea kuliko redio.

Kuhusu zile zilizokufa kabisa, tunazichoma au tunazitupa kwenye laga. Mwaka wa 2017 nchi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa na tukazoea. Bampa hazina marufuku, mvua ikija Kawalase inazizoa hadi Turkwel, na Turkwel inaishia ziwani, kwa samaki tunaowala. Bampa moja iliyokatwa vipande inaponya nyingine nyingi. Mpelekee fundi, hata bure.

Beshte yangu amemaliza deni la chama mwezi uliopita. Juzi amepigiwa simu tena, harusi nyingine, kamati nyingine. Akawaambia mapema: bampa ina mshono, ni ya kijivu, mkiitaka hivyo ni Sh4,000, na siipaki kitu. Wakakubali. Atakuwa gari la tano. Nimeambiwa mpiga picha anataka kumweka upande wa kulia ili taa ya kushoto isionekane, bado wanavutana kuhusu hilo.

Ile bampa ya Sh9,000 bado iko chini ya ewoi. Fundi alijaribu kuikata iwe njiti za kushonea, akaigeuza kutafuta alama, hakuna. Alipoipasha moto ilitoa moshi mweusi na kuvunjika vipande vipande kama biskuti. Nusu iliyobaki watoto wameichukua, wameisimamisha kwenye mchanga na jiwe nyuma yake, ndiyo mlingoti mmoja wa goli. Mlingoti wa pili ni mtungi wa manjano.